UMEME WA MTU MMOJA NA MZIGO WA MPAGAZI

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya ushirika, Tabora



Katika mikutano mingi ya vyama, neno umeme hutajwa wakati wa kulalamikia nguzo. Kijiji fulani kimepata, kitongoji cha jirani hakijapata. Nyaya zimepita juu ya ghala la chama, lakini ghala lenyewe halina hata taa. Malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo liko swali jingine ambalo ni nadra kuulizwa: umeme ukishafika, mtu mmoja hutumia kiasi gani, na kiasi hicho humtua mzigo gani? Mazungumzo haya yanahusu swali hilo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama nguzo zilizosimamishwa vijijini zitaleta mali au zitabaki kuwa pambo la barabara.

KIPIMO

Umeme hupimwa kwa uniti. Taa ya wati 100 ikiwaka kwa muda wa saa 10 humaliza uniti moja. Taa za siku hizi za wati 10 huwaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Mota ya mashine ya kusaga yenye nguvu ya kilowati 15 humaliza uniti 15 kwa saa moja.

Hesabu hizo ni sahihi, lakini hazina sura machoni pa mkulima. Watu wa Tabora wanacho kipimo chao cha zamani ambacho kina sura, nacho ni mpagazi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, karibu kila kitu kilichopita katika nchi hii kilibebwa na binadamu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea kwa njia ya Uvinza hadi Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika mwezi Juni. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei, za nguo, shanga, waya wa shaba au pembe za ndovu. Wanyamwezi wengi walifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa ustadi uliojulikana njia nzima. Wengine waliopita njia hiyo walikuwa watumwa, ambao hawakuulizwa kama wanataka.

Sasa, mtu mwenye afya akifanya kazi ngumu kwa saa 8 hutoa nguvu ya wati 75 hivi. Wati 75 kwa saa 8 ni sehemu sita katika kumi za uniti. Ndiyo kusema kwamba uniti moja ya umeme inafanya kazi kuliko mpagazi mmoja kwa siku moja na nusu. Mjumbe akilikumbuka jambo hilo moja tu, tarakimu zote zitakazofuata zitamwelea.

DUNIA KWA KIPIMO CHA MPAGAZI

Umeme wote uliozalishwa duniani mwaka 2023 ukigawanywa kwa watu wote, kila mmoja, mtoto na mzee, anapata takriban uniti 3,600 kwa mwaka. Hizo ni karibu uniti 10 kwa siku. Kwa kipimo cha Tabora, mtu wa wastani duniani ana wapagazi 16 wanaomfanyia kazi kila siku, hawaonekani, hawali, wala hawadai chochote isipokuwa bili.

Lakini wapagazi hao hawakugawanywa sawasawa. Huko Marekani mtu mmoja huhesabiwa zaidi ya uniti 12,000 kwa mwaka, yaani wapagazi zaidi ya 50 kila siku. Mchina ana zaidi ya uniti 6,000, sawa na wapagazi zaidi ya 25. Mhindi ana uniti 1,300 na ushei, sawa na wapagazi 6 hivi. Afrika Kusini iko karibu na wastani wa dunia. Kenya ina uniti 200 na kidogo kwa mtu. Nchini Tanzania, umeme wote ukigawanywa kwa watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, kila mmoja anapata uniti kati ya 100 na 200 kwa mwaka. Ukichukua 150, Mtanzania ana theluthi mbili tu za mpagazi mmoja kwa siku. Jokofu moja la nyumbani, likifanya kazi mwaka mzima, huweza kula uniti 300 na zaidi. Kwa hiyo jokofu linalokaa kimya jikoni katika nchi tajiri hupata umeme mara mbili ya ule anaohesabiwa mkulima mzima pamoja na kazi zake zote.

WASTANI HUFICHA

Hapana budi kuonya hapa. Chama chenye wanachama wawili, mmoja akiuza kilo 2,000 za tumbaku na mwingine asiuze hata kilo moja, kina wastani wa kilo 1,000, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeuza kilo 1,000. Ndivyo wastani wa umeme ulivyo.

Nchi inayoongoza duniani kwa umeme wa mtu mmoja ni Iceland, kisiwa chenye watu wasiofika laki nne. Kila mmoja huhesabiwa zaidi ya uniti 50,000 kwa mwaka, yaani wapagazi zaidi ya 220. Je, Waiceland wanaishi katikati ya taa na majokofu yasiyo na idadi? La. Sehemu kubwa ya umeme wao, unaotoka katika maporomoko ya maji na mvuke wa ardhini, huingia katika viwanda vya kuyeyusha alumini, na alumini hiyo husafirishwa kwenda nchi nyingine. Umeme umehesabiwa Iceland, lakini sufuria na madirisha yako kwingine. Kinyume chake kiko Kongo. Sehemu kubwa ya umeme wa nchi hiyo hutumika katika migodi ya Katanga, nchi ile ile ya shaba ambako Msiri, mtu aliyetoka pande za Unyamwezi, alijenga ufalme wake kabla ya kuuawa mwaka 1891. Wastani wa Mkongo tayari ni mdogo. Ukiiondoa migodi, mwananchi wa kawaida anabakiwa na kidogo zaidi.

Wastani wa Tanzania nao una mambo yake. Ndani yake mna migodi ya dhahabu, viwanda vya saruji na nguo, na nyumba za Dar es Salaam zenye mashine za kupoza hewa. Kwa hiyo mtu wa Sikonge, Uyui au Kaliua hazifikii hata hizo uniti 150. Kwa upande mwingine, yuko mtu asiye na taa nyumbani ambaye hata hivyo hutumia umeme. Mkazi wa Nzega, Igunga au mji wa Tabora anayechota maji ya Ziwa Viktoria, yaliyofika huko kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2021, anakunywa maji yaliyosukumwa na pampu za umeme tangu Ihelele. Pampu hiyo ni mpagazi wake, ingawa hajawahi kuiona.

Kutokana na mifano hiyo, somo ni kwamba tarakimu ya uniti kwa mtu mmoja haitoshi peke yake. Swali la pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni mahali umeme unapofanyia kazi na nani anayebaki na faida. Majani ya tumbaku ya Tabora hufunga safari kuelekea pwani kama zilivyosafiri pembe za ndovu, yakachakatwa katika viwanda vya Morogoro. Umeme unaoyaongezea thamani hauhesabiwi Urambo. Mkulima wa Urambo amebaki na jembe, shoka na bani.

NJIA ILE ILE

Umeme wa watu wote ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, karibu na karakana za reli. Mwaka 1931 Serikali ya Kiingereza iliukabidhi kwa makampuni mawili ya watu binafsi, na baada ya uhuru ukarudi mikononi mwa Serikali, ukawa chini ya TANESCO. Mitambo ya maji ikafuata: Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, Kidatu kuanzia 1975, Mtera 1988 na Kihansi mwaka 2000. Mingi ya mitambo hiyo iko mashariki na kati ya nchi. Kama misafara ya zamani, umeme ulianzia upande wa pwani, na magharibi ikawa mwisho wa njia.

Kwa miaka mingi sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba umeme wenyewe hautoshi, na migao ya mwaka 2006, 2011 na 2022 haijasahauliwa. Sababu hiyo imepungua nguvu. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa jumla ya megawati 2,115, zaidi ya uwezo wote uliokuwapo nchini kabla yake. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha mwezi Februari 2024, na yote ilikamilika mwaka 2025. Laini ya kilovolti 132 imejengwa kutoka Tabora, kupita Ipole na Inyonga, hadi Mpanda. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mikataba ya kuifikisha Tabora, Isaka na Kigoma ilitiwa saini mwaka 2021 na 2022. Safari iliyomaliza nyayo za wapagazi kwa miezi mitatu na zaidi inaandaliwa kukamilishwa na waya wa umeme.

Kadhalika, hadi mwaka 2025 Serikali ilieleza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi, na kazi ikahamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kufika kijijini si kufika nyumbani. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2022, waliokuwa na umeme nchini walikuwa chini kidogo ya nusu ya watu wote. Na hata aliyeunganishwa, ikiwa anawasha taa mbili za wati 10 kwa saa 5 kila usiku, hutumia uniti 37 hivi kwa mwaka mzima kwa nyumba nzima. Taa hizo ni neema kwa mtoto anayesoma. Hakuna mwenye haki ya kuzidharau. Lakini hazijamtua mtu mzigo wa mchana.

MPAGAZI WA MWISHO

Yuko mtu mmoja katika njia ya misafara ambaye bado anabeba frasila mbili kichwani. Ni mama anayetoka porini na kuni.

Watu husema kwamba vijiji vinatumia nishati kidogo. Si kweli. Vinatumia nyingi, ila si umeme. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la uniti 4 hivi. Mtu anayepikiwa kwa kilo moja ya kuni kwa siku hutumia joto la karibu uniti 1,500 kwa mwaka, mara 10 ya wastani wa umeme wa Mtanzania. Lakini katika mafiga matatu, sehemu moja ya kumi, au moja ya tano ikizidi sana, ndiyo inayoingia chunguni. Iliyobaki hupotea katika moshi na upepo. Maharage yanayochukua saa nyingi na mzigo mzima wa kuni huiva katika jiko la umeme la presha kwa chini ya uniti moja. Katika bei zilizopitishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa kulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mtu akilinganisha bei ya uniti anayolipa na bei ya kopo la mkaa, ataona kwamba umeme hauko mbali na sufuria kama inavyodhaniwa. Kikwazo ni bei ya jiko lenyewe, na hicho ni kikwazo ambacho ununuzi wa pamoja unaweza kukipunguza. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba.

Ama kuhusu mabani ya tumbaku, ni lazima ukweli usemwe. Joto linalohitajika kukausha tumbaku ni kubwa mno, na umeme wa vijijini kwa bei iliyopo hauwezi kushika mahali pa kuni. Kinachowezekana ni mabani yaliyojengwa vizuri zaidi, yasiyovujisha joto, feni za umeme za kusambaza hewa mahali waya ulipofika, na upandaji wa miti unaofanywa kwa dhati, si kwa ajili ya kujaza fomu. Misitu ya miombo ndiyo inayowalisha nyuki wa Tabora na kushika mvua zake. Chama kinachokopesha pembejeo bila kuuliza kuni zitatoka wapi kinakopa kwa wajukuu wake.

CHAMA NA UNITI ZAKE

Chama cha msingi hakiwezi kuupandisha wastani wa taifa, wala si kazi yake. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba uniti chache zinazofika kijijini zinafanya kazi kubwa. Mfano wa kufikiria tu ni huu. Chama kina kaya 400 za watu sita sita, jumla watu 2,400. Kinaweka mashine ya kusaga yenye mota ya kilowati 15, inayofanya kazi saa 6 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni uniti 27,000. Ukizigawanya kwa watu wote, kila mmoja amepata uniti 11 tu na robo kwa mwaka. Katika takwimu za dunia hakuna atakayeziona. Lakini kwa kipimo cha Tabora, hizo ni siku 45,000 za kazi ya mtu, zilizotolewa katika mikono ya kina mama wanaotwanga. Kwa bei ya 2016 ya wateja wa matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti, umeme huo ungegharimu shilingi 7,884,000 kwa mwaka kabla ya kodi na tozo, na mkutano mkuu ungeweza kukaa na kupiga hesabu kama ada ya kusaga italipa gharama hizo pamoja na mshahara wa mwendeshaji, nyundo na mikanda.

Kabla ya kununua mashine yoyote, halmashauri ya chama iulize mambo matatu katika ofisi ya umeme ya wilaya. Kwanza, laini iliyopita kijijini ni ya njia moja au ya njia tatu? Mota kubwa huhitaji njia tatu, na si kila laini ya kijijini inazo. Pili, transfoma ina uwezo gani, na imekwisha kubeba wateja wangapi? Tatu, bei ya uniti kwa chama ni ipi leo? Vyama viwili au vitatu vyenye laini moja vikienda kuuliza pamoja, vitasikilizwa kuliko kila kimoja kikienda peke yake. Huo ndio ushirika wenyewe.

Ziko kazi nyingine zinazofaa kufikiriwa: kuchuja na kufungasha asali badala ya kuiuza kwa ndoo, kukamua alizeti na karanga, kusukuma maji ya bustani wakati wa kiangazi. Kwa vitongoji vilivyo mbali na laini, umeme wa jua unatosha taa, simu na pampu ndogo. Katika kazi hizo zote kanuni ni moja: thamani iongezwe kabla mzigo haujaondoka kijijini.

HITIMISHO

Ndugu wajumbe, mtu wa wastani duniani ana wapagazi 16, na Mtanzania hajafikisha mmoja. Tofauti hiyo haitafutwa kwa mwaka mmoja, wala haifai kulengwa tarakimu kwa ajili ya tarakimu. Wapagazi wa Unyamwezi walikijua kipimo kilicho bora: msafara haukusifiwa kwa wingi wa watu wake bali kwa mzigo uliofika. Umeme nao upimwe hivyo hivyo, kwa mzigo uliotuliwa, na kwa mtu aliyetuliwa.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VYAMA

1. Ni kazi gani moja kijijini inayochosha watu wengi zaidi, na je, umeme unaweza kuifanya?

2. Kati ya mazao ya chama, ni lipi linaloondoka kijijini likiwa ghafi, na thamani yake huongezwa wapi na nani?

3. Kaya moja ya mwanachama hutumia mizigo mingapi ya kuni kwa wiki kupikia, na bani moja hutumia kiasi gani kwa msimu? Kuni hizo hutoka wapi, na miti iliyopandwa mwaka uliopita iko hai mingapi?